Timu ina vipaji, kocha ni mgeni wa kazi: tatizo liko wapi?

Kila mashindano ya kata yakiisha, swali moja hurudi studioni kwetu kwa simu na kwa ujumbe mfupi, kutoka Idodi, Tungamalenga, Mapogoro na hata kule Pawaga. Timu yetu ina vijana wanaojua mpira, mbona tunatolewa mapema? Mara nyingi msikilizaji hasubiri jibu letu, analo lake tayari: ni kocha. Hana uzoefu. Mwaka juzi tu alikuwa anacheza namba sita, leo amepewa filimbi na kuitwa mwalimu.

Huenda ni kweli. Lakini kauli hiyo husemwa haraka, na ikishasemwa mtu mmoja huondolewa, mwingine huletwa, na msimu unaofuata maneno ni yaleyale. Kwa hiyo katika makala hii tumeamua kuichukua timu moja ambayo swali hili liliulizwa kwa ukali kuliko kawaida, tukaifuata kuanzia 2016 hadi 2024, kocha baada ya kocha. Timu yenyewe si ya soka. Ni timu ya taifa ya Kenya ya raga ya wachezaji saba, inayoitwa Shujaa. Tumeichagua kwa sababu katika miaka hiyo minane ilipita mikononi mwa makocha wa kila aina, wazoefu na wachanga, wazawa na wageni. Baadaye tutarudi nyumbani kwa Taifa Stars na Lipuli.

Raga ni mchezo gani

Huku kwetu raga haichezwi sana, kwa hiyo tueleze kidogo. Mpira wake una umbo la yai. Mchezaji anaubeba mikononi na kukimbia nao, anaruhusiwa kumrushia mwenzake aliye nyuma yake tu, na mpinzani anaruhusiwa kumkamata na kumwangusha. Ukifika na mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani ukaugusisha chini, umefunga trai, nayo ni pointi tano. Kisha unapewa nafasi ya kuupiga teke upite kati ya milingoti, ukapata mbili zaidi.

Kuna raga ya wachezaji kumi na tano, ipo ya kumi na tatu inayopendwa sana Australia na kaskazini mwa Uingereza, na ipo ya saba. Hiyo ya saba ndiyo iliyolipa jina la Kenya duniani. Kila kipindi ni dakika saba tu. Mechi nzima inakwisha kabla chungu cha maharage hakijachemka vizuri. Timu inasafiri na wachezaji kumi na wawili au kumi na watatu, na katika siku mbili inacheza mechi tano au sita.

Tunayasema haya kwa sababu yanagusa swali letu. Katika soka kocha ana dakika tisini, ana mapumziko ya robo saa, anaweza kusimama pembeni akapiga kelele mpaka sauti ikauke. Katika raga ya saba, ukishatazama saa mara mbili mechi imekwisha. Kazi ya kocha karibu yote imeshafanyika kabla filimbi haijapulizwa: amewachagua akina nani, wamekuwa kambini muda gani, miili yao iko tayari kiasi gani kucheza mechi ya tano jua likiwa linazama. Ukitaka kumpima kocha wa mchezo huu, tazama kambi kwanza, uwanja baadaye.

Kutoka Singapore mpaka Paris

Aprili 17, 2016, Kenya iliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali mjini Singapore. Wasiofuatilia raga hawawezi kujua uzito wa matokeo hayo. Fiji katika mchezo huu ni kama Brazil katika soka la zamani, nchi ambayo watoto hucheza raga kabla hawajajua kusoma. Kenya ilikuwa haijawahi kushinda duru hata moja ya mashindano ya dunia. Nahodha alikuwa Andrew Amonde, na mfungaji wao mkubwa Collins Injera, ambaye mwezi uliofuata aliivunja rekodi ya trai nyingi zaidi katika historia ya mashindano hayo.

Kocha alikuwa Benjamin Ayimba, mchezaji wa zamani wa timu hiyohiyo. Hakuwa mgeni. Aliwahi kuifundisha kabla, na mwaka 2009 aliifikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya saba kule Dubai. Basi mtu angesema: mnaona, uzoefu. Lakini miezi minne tu baada ya Singapore, kocha yuleyule alikwenda na Shujaa kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro na wakamaliza nafasi ya kumi na moja kati ya timu kumi na mbili. Baada ya hapo Ayimba akaondoka. Alifariki Mei 2021, na Wakenya wengi bado wanamkumbuka kwa ile Jumapili ya Singapore.

Aliyemrithi ni Innocent Simiyu, naye nahodha wa zamani. Kwa kipimo cha vijiweni, huyu ndiye kocha asiye na uzoefu: alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na timu ya taifa haikuwa imewahi kuwa mikononi mwake. Matokeo yake? Msimu wa 2017/18 Shujaa ilifika fainali mbili, Vancouver na Hong Kong, na zote ikafungwa na Fiji. Ilimaliza ya nane duniani ikiwa na pointi 104, nyingi kuliko ilizowahi kukusanya katika msimu mmoja. Kocha mchanga alikuwa amepata kile ambacho wengi wenye majina makubwa hawakukipata.

Kisha likaja suala la fedha.

Juni 2018, katika duru ya Paris, wachezaji wa Kenya waliingia uwanjani wakiwa wameliziba jina la mdhamini kifuani. Mdhamini alikuwa taasisi ya serikali ya kuitangaza nchi, na maneno yaliyozibwa yalikuwa yanainadi Kenya. Malalamiko ya wachezaji yalikuwa ya malipo: fedha za udhamini zimetangazwa, wao hawajaziona. Tukio lile lilizua vurugu kubwa Nairobi, na lawama zikawashukia wachezaji pamoja na benchi la ufundi. Miezi michache baadaye Simiyu hakuwa tena kocha.

Msimu ambao kocha alibeba kila lawama

Hapa ndipo swali letu linapokuwa gumu. Chama cha raga cha Kenya kilimteua Paul Murunga, aliyekuwa akifundisha klabu ya Homeboyz, kuiongoza Shujaa msimu wa 2018/19. Timu iliyokuwa ya nane duniani ikaanza kufungwa na karibu kila aliyekutana nayo. Kufikia katikati ya msimu ilikuwa inapigania kutoshuka daraja. Mwishowe Japan ndiyo iliyoshuka na Kenya ikanusurika.

Ukisoma maoni ya mashabiki wa wakati ule, hukumu ilikuwa imeshatolewa. Timu ina vipaji, ilicheza fainali mbili mwaka jana, sasa inachechemea, na kilichobadilika ni kocha. Murunga hana uzoefu wa ngazi hii. Aondoke. Na kweli, msimu ulipoisha aliondolewa.

Lakini je, kilichobadilika ni kocha tu? Wachezaji wakongwe hawakukubaliana na chama juu ya mikataba mipya, na wengi wao hawakuwamo kikosini msimu ulipoanza. Injera alikuwa mmoja wao. Murunga alikwenda Dubai na Cape Town na vijana ambao baadhi yao walikuwa hawajawahi kuuona uwanja wa ngazi ile. Baadhi ya wakongwe walirejea baadaye msimu huohuo, lakini timu ilikuwa tayari imezama kwenye jedwali.

Tujiulize kwa lugha ya hapa kwetu. Timu ya kijiji imechukua kombe mwaka jana. Mwaka huu wachezaji saba wa kikosi cha kwanza wamegoma kwa sababu zawadi ya mwaka jana haikugawanywa. Kocha mpya anapewa jezi zilezile, anazivalisha watoto wa sekondari, anafungwa nne. Wanaokaa chini ya mwembe wanasema timu yetu yenye vipaji inaharibiwa na kocha asiyejua. Vipaji vyenyewe viko shambani vinapalilia mpunga.

Hatusemi Murunga alifanya kila kitu sawa. Kocha mzoefu zaidi huenda angekaa na wakongwe akawashawishi, au angekataa kazi mpaka suala la mikataba limalizwe. Kujua wakati wa kukataa ni sehemu ya uzoefu, na ni sehemu ambayo kocha mchanga huikosa, kwa sababu nafasi kama ile haimjii mara mbili. Lakini kusema kwamba uchanga wake ndio ulioiangusha timu ni kuruka hatua nzima ya hesabu.

Mzoefu naye akashuka

Kama tatizo lilikuwa uzoefu, dawa ilikuwa wazi: leta mzoefu. Kenya ilijaribu. Alikuja Paul Feeney kutoka New Zealand, kisha janga la korona likasimamisha michezo duniani, akaondoka. Simiyu akarudishwa, safari hii akiwa si mchanga tena, na katika Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa 2021 Kenya ikamaliza ya tisa.

Mwaka 2022 akaletwa Damian McGrath, Mwingereza. Huyu wasifu wake hauna mjadala. Aliiongoza Samoa kushinda duru ya Paris mwaka 2016, na mwaka mmoja baadaye akaiongoza Canada kushinda Singapore, ubingwa wa kwanza wa nchi hiyo. Kumshindisha Canada raga ya saba si mchezo. Kwa hiyo Kenya ilikuwa na kocha ambaye hakuna mtu kijiweni angeweza kumwita mgeni wa kazi.

Mei 2023 mjini London, Kenya ilifungwa na Canada 12 kwa 7 katika mchujo wa kubaki. Shujaa ikashuka daraja, jambo ambalo Murunga, pamoja na kulaaniwa kote, hakulifikia. Tena walioishusha ni Canada, timu aliyoiletea McGrath ubingwa wake wa kwanza.

Sasa tazama kilichofuata. McGrath aliondoka, na kazi ikaangukia kwa Kevin Wambua, Mkenya aliyetoka katika nafasi ya msaidizi. Kama tungeendesha kipindi cha simu siku ile, tunajua mngesema nini. Septemba 2023 kule Harare, Wambua na vijana wake waliifunga Afrika Kusini 17 kwa 12 katika fainali ya Afrika wakapata tiketi ya Olimpiki. Juni 2024 mjini Madrid wakaifunga Ujerumani 33 kwa 15 wakarudi daraja la juu. Na katika Olimpiki ya Paris mwaka huohuo wakamaliza nafasi ya tisa, sawasawa na Tokyo.

Ukiyatandika majina hayo yote mezani, Ayimba, Simiyu, Murunga, McGrath, Wambua, utaona kwamba uzoefu wa kocha na matokeo ya timu havikutembea pamoja. Mzoefu alishinda Singapore na mzoefu akashuka London. Mchanga alifika fainali mbili na mchanga akanusurika kwa tundu la sindano. Kilichotembea na matokeo kwa ukaribu zaidi ni hali ya kambi: kama wachezaji bora wapo, kama wamelipwa, kama wameandaliwa kwa muda wa kutosha. Hiyo ni tathmini yetu, na anayeijua raga ya Kenya kuliko sisi ana haki ya kupinga.

Hata hivyo uzoefu una kazi yake

Tusiende upande wa pili kupita kiasi tukasema uzoefu haumaanishi kitu. Kuna mahali unaonekana waziwazi, na mfano mzuri tunao hapa nyumbani.

Januari 2024, kwenye fainali za Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, Taifa Stars ilianza kwa kufungwa na Morocco mabao matatu kwa bila. Kocha Adel Amrouche alikuwa ametoa maneno kuhusu ushawishi wa Morocco katika soka la Afrika, na CAF ikamfungia mechi nane. Ghafla timu ikawa mikononi mwa msaidizi wake, Hemed Suleiman, ambaye wengi tunamwita Morocco, jina lililowachanganya watangazaji wa nje wiki nzima ile. Juma Mgunda akawekwa pembeni yake. Siku nne tu baada ya mechi ya kwanza, kocha huyo alisimama mbele ya Zambia katika mji wa San Pedro.

Simon Msuva alifunga dakika ya kumi na moja. Kabla ya mapumziko Zambia ikabaki na wachezaji kumi kwa kadi nyekundu. Wengi wetu tulikuwa tumeshaanza kuhesabu ushindi wa kwanza wa Tanzania katika historia ya fainali hizo. Dakika ya themanini na nane Patson Daka akasawazisha kwa kichwa, bao moja kwa moja. Mechi iliyofuata dhidi ya Kongo ikaisha bila bao, na safari ikaishia hapo.

Ile nusu saa ya mwisho dhidi ya Zambia ndiyo mahali uzoefu wa kocha unapopimwa. Unaongoza, mko wengi uwanjani, wachezaji wamechoka na wanaogopa. Unaongeza beki ukae nyuma, au unaongeza mshambuliaji ili mpinzani mwenye watu kumi asiweze kupanda? Unamtoa nani, dakika ya ngapi? Mtu aliyewahi kuwa katika hali hiyo mara kumi amekwishafanya makosa yake mahali pengine. Aliye hapo kwa mara ya kwanza hujifunzia mbele ya taifa zima. Tunaamini mtu akisema siku ile Stars ilihitaji mkono mkongwe zaidi, ana hoja.

Lakini sikiliza kilichofuata. Kocha huyohuyo, Hemed Morocco, ndiye aliyekuwa benchi Novemba 19, 2024 Stars ilipoifunga Guinea bao moja kwa bila kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa na kufuzu fainali nyingine za Afrika. Ndiye aliyeifikisha robo fainali ya michuano ya CHAN Agosti 2025, tulipokuwa wenyeji pamoja na Kenya na Uganda. Uzoefu ule wa San Pedro uliuma, lakini aliupata na akaendelea nao. Ikawaje Novemba 2025, zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya fainali zenyewe, shirikisho likaachana naye na kumkabidhi timu Miguel Gamondi, ambaye ligi yetu anaijua vizuri tangu akiwa Yanga? Wapo waliosema ni ukatili, wapo waliosema ni busara. Sisi tunasema tu kwamba timu aliyoikuta Gamondi haikujengwa naye.

Na kabla ya hao alikuwepo Emmanuel Amunike. Watu husahau kwamba Amunike alipokuja mwaka 2018 hakuwa amewahi kuifundisha timu ya taifa ya wakubwa. Sifa yake ilikuwa ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 17, alioupata na Nigeria mwaka 2015. Alianza kwa kuwaondoa kikosini wachezaji kadhaa wa Simba waliochelewa kuripoti kambini, nchi ikagawanyika. Machi 24, 2019 Stars ikaifunga Uganda tatu bila na kufuzu kwa mara ya kwanza tangu 1980. Alikuwa shujaa. Miezi mitatu baadaye kule Misri tulifungwa na Senegal mbili, na Kenya tatu kwa mbili baada ya kuongoza mara mbili, na Algeria tatu. Mwezi Julai akaondolewa. Kwa mechi ya Kenya, kuongoza mara mbili na kupoteza, tunamlaumu benchi lake hadi leo. Kwa Senegal na Algeria, ambazo ndizo zilizokuja kukutana fainali, hata babu yake kocha asingebadilisha mengi.

Samora, 2019

Mwaka huohuo wa 2019 hapa Iringa tulikuwa na hadithi yetu. Lipuli, Wanapaluhengo, walikuwa chini ya Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba aliyekuwa bado anajijengea jina kama mwalimu. Bajeti ya Lipuli isingetosha kulipa mishahara ya benchi la akiba la Yanga. Mwezi Mei kwenye Uwanja wa Samora waliifunga Yanga mbili bila katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Waliokuwepo siku ile hawahitaji tuwakumbushe. Fainali ilichezwa Lindi, Lipuli wakafungwa na Azam bao moja.

Kisha Matola akaondoka, na kabla mwaka haujaisha alikuwa msaidizi Simba. Msimu uliofuata Lipuli wakashuka daraja. Kama kuna mtu anaamini kocha asiye na jina kubwa ndiye anayeikwamisha timu, ajaribu kuieleza Lipuli kwa kanuni hiyo. Na wanaoikumbuka Mbeya City ya 2013/14 chini ya Juma Mwambusi, iliyopanda daraja na kumaliza ya tatu kwenye ligi kuu katika msimu wake wa kwanza, wana mfano mwingine wa karibu zaidi na sisi watu wa nyanda hizi.

Utajuaje kama ni kocha kweli

Tukirudi Idodi, msikilizaji anayetaka jibu la timu yake anaweza kuanza na daftari. Aulize mazoezini wanafika wangapi, na kama wale anaowaita vipaji ni miongoni mwao. Tunaijua hali ya huku. Wakati wa kupandikiza na wakati wa mavuno ya mpunga vijana wako majarubani toka alfajiri, wengine wako kwenye bodaboda, wengine wanabeba mizigo ya wageni wa hifadhi ya Ruaha. Timu inakutana Jumapili saa nane mchana, mechi saa kumi. Kocha wa namna hiyo hata angekuwa na leseni ya juu ya CAF, hana anachofundisha. Anapanga majina tu.

Kama wachezaji wanafika na bado timu inafungwa, tazama inafungwaje. Timu inayofungwa mabao ya aina moja kila wiki, kona ileile, nafasi ileile nyuma ya beki wa kushoto, hiyo ina tatizo la mwalimu: ameliona hakulirekebisha, au hajaliona. Timu inayoongoza hadi dakika ya sabini na kuishia kufungwa huenda ina tatizo la pumzi, na pumzi hutafutwa mazoezini. Timu ambayo mchezaji anatolewa na kurushia jezi chini mbele ya kocha ina tatizo lingine kabisa, na hapo kocha kijana anayewafundisha waliokuwa wenzake juzi huwa na wakati mgumu kuliko mzee.

Halafu ulizia fedha. Tunajua watu hawapendi. Lakini zawadi ya kombe lililopita ilikwenda wapi, nauli ya kwenda ugenini hutolewa na nani, na aliyeumia mguu msimu uliopita alitibiwa na nani? Shujaa ya Kenya iliparaganyika kwa maswali ya aina hii, nayo ni timu iliyokuwa ikipanda ndege. Ya kwetu inapanda fuso.

Ikiwa baada ya yote hayo jibu bado ni kocha, si lazima afukuzwe. Alivyofanyiwa Hemed Morocco kule Ivory Coast, kuwekewa Mgunda pembeni, ni jambo ambalo hata timu ya kijiji inaweza kulifanya: kila kata ina mzee mmoja aliyecheza daraja la juu zamani, ambaye hataki tena kukimbia na filimbi lakini angekaa benchi kwa furaha akiitwa kwa heshima. Kocha mwenyewe naye anaweza kuulizia kozi za awali za ualimu wa soka ambazo TFF huziendesha mikoani kupitia vyama vya soka vya mikoa na wilaya. Mara nyingi walimu wa michezo wa shule za msingi ndio wa kwanza kupata taarifa zake, kwa hiyo pa kuanzia ni shuleni.